Mto Unakula Nini?

Mashamba mengi ya Murang'a na Nyeri, nchini Kenya, ni vipande virefu na vyembamba. Huanzia barabarani, juu ya mgongo wa kilima, na kuteremka hadi kwenye maji bondeni. Umbo hilo halikutokea lenyewe. Baada ya Mpango wa Swynnerton, wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1954, vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilipokusanywa na kugawiwa upya kwa hatimiliki, mipaka ilipigwa kwa namna ambayo familia ipate njia juu na maji chini. Kwa upande wa njia na maji, ulikuwa ugawaji wa haki. Ila matokeo yake ni kwamba, ikiwa kila shamba lina mita ishirini za ukingo, kilomita moja tu ya kijito ina wenyewe mia, hamsini ng'ambo hii na hamsini ng'ambo ile. Na kila mmoja huamua peke yake kitakachoota pale chini: nduma, migomba, nepia ya ng'ombe, au mikaratusi ya kuuza nguzo.

Kwa miaka mingi ushauri waliopewa wenye mashamba hayo ulihusu udongo. Chimba matuta, usilime hadi majini, usiuache mto ubebe shamba lako. Ni ushauri mzuri, ila uliuchukulia mto kuwa mfereji wa kupitishia maji na tope. Wanaochunguza vijito wamegundua jambo jingine ambalo si rahisi kuliona kwa macho: kijito cha milimani ni lazima kilishwe, na sehemu kubwa ya chakula chake haioti majini. Inadondoka kutoka juu ya miti.

Fikiria kijito kilichofunikwa na msitu. Jua halifiki majini, hivyo mwani hauoti kwa wingi. Hata hivyo ukigeuza mawe utakuta viumbe wa kila aina. Wanakula nini? Mwaka 1980 Robin Vannote wa kituo cha utafiti cha Stroud, Pennsylvania, pamoja na wenzake wanne, waliandika nadharia iliyobadilisha namna ya kuutazama mto. Walisema mto mzima ni mnyororo mmoja: huko juu, ambako ni mwembamba na una kivuli, maisha yanategemea majani yanayodondoka, viumbe wa juu wanayakatakata, vipande vidogo vinabebwa na maji na kuwa chakula cha viumbe wa chini. Ukikata miti ya juu, umekata riziki ya walio mbali na wewe ambao hutawaona kamwe.

Safari ya jani moja inastahili kufuatwa polepole. Siku linapodondoka majini karibu hakuna anayelitaka. Kwa siku moja au mbili linatoa rangi na sukari zake, maji yanazibeba, na linabaki gumu na lisilo na ladha. Kisha kuvu zinaanza kazi. Mwaka 1942 mtafiti Terence Ingold, akichunguza majani yaliyokuwa yakioza katika kijito nchini Uingereza, alieleza kundi la kuvu zinazoishi chini ya maji, ambazo vijimbegu vyake vingi vina umbo la ajabu la mikono minne. Umbo hilo huvisaidia kunasa kwenye jani badala ya kusombwa. Miaka ya baadaye aliandika pia kuhusu kuvu za namna hiyo kutoka Uganda. Ukiona povu jeupe limejikusanya chini ya maporomoko madogo, usidhani ni sabuni kila mara. Povu la asili hunasa vijimbegu hivi kwa wingi, na ndipo watafiti wanapokwenda kuvichota.

Kuvu zinapenya ndani ya jani, zinalilainisha na kuongeza protini. Jani tupu ni ugali mkavu, na kuvu ndiyo mboga yake. Hapo sasa wanakuja walaji. Okota jani lililolala kwa wiki chache kwenye kijito chenye afya, ulishike mbele ya mwanga: utaona mishipa imebaki kama wavu mwembamba, na nyama yote ya katikati imeliwa. Kwingine pembeni limeng'atwa vipande vikubwa, kwa mdomo ambao si wa mdudu.

Mdomo huo ulizua mjadala wa miaka mingi. Huko Ulaya na Marekani kazi ya kukata majani inafanywa hasa na wadudu wachanga wa majini. Watafiti walipokuja kwenye vijito vya tropiki na kuwatafuta wadudu wa namna hiyo, walipata wachache mno. Ikaanza kuaminiwa kwamba kwetu kazi hii imeachiwa kuvu na bakteria, kwa kuwa maji yetu ni ya vuguvugu. Mwaka 2002 Mike Dobson na wenzake, akiwemo Jude Mathooko wa Chuo Kikuu cha Egerton, walichapisha utafiti wa vijito vya nyanda za juu za Kenya. Nao pia hawakuona wadudu wengi wa kukata majani. Ila walimtaja mtu wa pembeni ambaye wengi walikuwa wamempita: kaa wa mtoni.

Kaa hanasi kirahisi kwenye wavu wa kuchotea wadudu. Anajificha chini ya mawe na mashimoni, na wengi wao hutembea usiku. Mtafiti anayehesabu kilichomo wavuni hukosa kumhesabu. Lakini ukipima uzito badala ya kuhesabu vichwa, kaa mmoja wa jamii ya Potamonautes anawashinda wadudu mia kadhaa. Mwaka 2014 Frank Masese wa Chuo Kikuu cha Eldoret na wenzake walikwenda hatua moja mbele. Hawakutegemea vitabu vya Ulaya kuwaambia mdudu gani anakula nini. Walichunguza kilichomo matumboni mwa viumbe wenyewe. Wakakuta kwamba walaji wa majani wapo, tena wa aina nyingi, lakini makao yao ni haba: wanapenda maji baridi chini ya kivuli cha msitu. Kwenye vijito vilivyozungukwa na mashamba kundi hilo lilikuwa limepungua.

Yaani swali la zamani liliulizwa vibaya. Tulikuwa tukisema tropiki haina wala-majani, na pengine sehemu ya jibu ilikuwa kwamba tulitafuta mahali ambapo miti ilikuwa imeshakatwa, tena kwa wavu usiomnasa mkubwa wao.

Kaa huyu ana tabia moja ambayo kila mwenye shamba la ukingoni angefaa kuijua. Kaa wa baharini hutaga mayai yanayoangua vitoto vya kuelea, vikabebwa na mkondo hadi mbali. Kaa wa mtoni hafanyi hivyo. Mayai yake huanguliwa yakiwa kaa kamili wadogo, na mama huwabeba chini ya tumbo kwa muda kabla ya kuwaachia. Kwa hiyo hawasambai kwa kuelea wala kuruka. Wanatembea. Mdudu aliyekua na kuota mabawa anaweza kuruka juu ya mashamba kumi yasiyo na mti na kutaga kwenye la kumi na moja. Kaa anahitaji njia yenye unyevu na maficho, shamba baada ya shamba. Mtu mmoja akipanda msitu mzuri wa mita ishirini katikati ya majirani waliolima hadi majini, wadudu watamfikia. Kaa anaweza kuchukua muda mrefu sana.

Nisimfanye kaa malaika. Mwaka 1950 watafiti waliokuwa Kenya walitangaza kwamba viluwiluwi wa inzi mweusi aitwaye Simulium neavei, msambazaji wa ugonjwa wa upofu wa mtoni, wanaishi wakiwa wameng'ang'ania gamba la kaa. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa ukiwatesa watu wa Nyanza, na vijito vyenye kivuli ndivyo vilivyokuwa maskani ya inzi. Mito ilitiwa DDT, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 inzi huyo alikuwa ametokomezwa nchini Kenya. Mzee wa upande huo akikuambia kwamba kichaka cha mtoni ni mahali pa maradhi, hazungumzi ushirikina. Anakumbuka. Anayekuja kuhubiri upandaji miti mtoni na hajui historia hii asishangae watu wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Turudi kwenye miti yenyewe, kwa sababu si kila jani ni chakula. Mkaratusi umependwa na wakulima wa milimani kwa sababu zinazoeleweka: unakua haraka, nguzo zake zina soko, na viwanda vya majani chai vinanunua kuni. Lakini jani lake lina nta na mafuta, na lina kemikali zinazozichelewesha kuvu. Kijito kilichozungukwa na mikaratusi mitupu hupokea majani mengi, tena mwaka mzima, na bado viumbe wake wana njaa. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, aliamuru mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kiu ya mti huo, kwamba unafyonza maji. Sababu ya pili, ya chakula cha mto, haikusikika sana, ingawa kwa maoni yangu ndiyo ingewagusa zaidi watu waliokulia kando ya vijito na kukamata kaa utotoni. Mkuyu, mringaringa na mizambarau mwitu hudondosha majani ambayo viumbe wa pale wamezoea kuyala.

Miti ya ukingoni ina kazi nyingine, na hizi nitazipitia haraka. Kivuli hupoza maji, na maji baridi hubeba oksijeni zaidi. Mizizi hushika ukingo. Mbolea ya chumvichumvi iliyowekwa kwenye mahindi au chai, na isiyonyonywa na mmea, hushuka na maji chini ya ardhi kama naitreti. Ikifika kwenye udongo mweusi na wenye unyevu wa kando ya mto, bakteria hugeuza sehemu yake kuwa gesi ya naitrojeni ambayo huenda zake hewani bila madhara. Pesa ya mkulima imepotea, kweli, lakini walau haikuingia kwenye kisima cha jirani.

Je, ukingo ulioharibika ukipandwa upya, unarudi kweli? Majibu mazuri zaidi ninayoyajua yametoka Pennsylvania tena, kwenye mashamba ya watu binafsi. Mwaka 2004 Bernard Sweeney na wenzake wa Stroud walichapisha matokeo ya vijito 16 vya mashariki mwa Marekani, wakilinganisha sehemu yenye msitu na sehemu isiyo na msitu ya kijito kilekile. Wengi wangetarajia kwamba pasipo na miti mto utapanuka kwa mmomonyoko. Walikuta kinyume. Nyasi za ukingoni hushika tope, ukingo husogea ndani, na kijito hujibana kuwa chembamba chenye kasi. Penye msitu kilikuwa kipana zaidi, kilitembea polepole zaidi, na kwa kila mita ya urefu kilikuwa na sakafu kubwa ya viumbe kuishi na kusafisha maji. Kwetu, ambako ng'ombe hushuka kunywa na kukanyaga kingo, picha inaweza kuwa tofauti, na mtu asiichukue sheria ya Pennsylvania akaibandika Othaya, kule Nyeri. Lakini hoja yake kuu inashika: mto wenye msitu unafanya kazi zaidi kwa kila hatua ya urefu wake.

Kwenye shamba jingine la huko huko walipanda miti ukingoni na kupima kwa miaka 15. Ukanda huo ulikuja kuondoa takriban asilimia 26 ya naitreti iliyokuwa ikishuka chini ya ardhi na asilimia 43 ya tope lililokuja na maji ya mvua. Ni matokeo mazuri, ila tusomeni na upande wa pili: zaidi ya nusu ya tope ilipita. Tena athari ya miti kwenye naitreti haikuonekana mpaka ilipokua, karibu miaka kumi baadaye. Anayemwahidi mkulima maji safi msimu ujao anamdanganya.

Mwaka 2014 Sweeney na Denis Newbold walipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba ili kijito kidogo kilindwe ipasavyo, ukanda wa msitu unahitaji upana wa angalau mita 30 kila upande. Hapa ndipo sayansi inapokutana na tumbo.

Tupige hesabu ya shamba la ekari moja lenye mita 20 za ukingo. Ukanda wa mita 30 ni mita za mraba 600, yaani karibu asilimia 15 ya shamba zima. Kanuni za Kenya zimekuwa zikitaja mita 6 hadi 30. Mita 6 ni asilimia 3 tu ya shamba hilo, mita 30 ni hiyo 15, na kati ya hizo mbili kuna ugomvi wa kutosha kuwalisha mawakili. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imeweka mita 60. Kwenye shamba kama hili hizo zingekuwa karibu asilimia 30. Na mara nyingi pale chini ndipo penye udongo mzuri kuliko wote, panapoota nduma na sukumawiki wakati wa kiangazi, mboga zikiwa na bei.

Bwana shamba akija na utepe wa kupimia, cucu (yaani bibi, kwa Kikuyu) mwenye shamba atamuuliza: "Sasa mwanangu, hizo mita zako thelathini, mimi nitakula nini?"

"Cucu, ni kwa faida ya mto."

"Mto unakwenda Nairobi. Mimi nabaki hapa."

Sioni jibu la kumshinda cucu, kwa sababu amesema kweli. Bonde la Tana ya juu linatoa takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi. Tope la shambani mwake linajaza bwawa, linaongeza shabu ya kusafishia maji, linazeesha mitambo ya umeme. Anayeumia yuko kilomita sabini mbali, na anayetakiwa kuacha ardhi ni yeye. Huko Pennsylvania suala hili lililainishwa kwa fedha: mpango wa serikali hulipa kodi ya kila mwaka kwa ardhi ya ukingoni iliyopandwa miti, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, na kusaidia gharama za miche na uzio. Kwetu, Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulizinduliwa mwaka 2015 kwa wazo linalokaribiana na hilo. Makisio yaliyofanywa kabla ya uzinduzi yalisema kwamba dola milioni 10 zikitumika kwenye mashamba ya juu zingeleta faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30, kuanzia mavuno hadi umeme na usafishaji maji. Mkulima hapewi kodi ya ardhi. Hupata mafunzo, mbegu za nepia, miche, na karatasi ya plastiki ya kutandika kwenye bwawa dogo la kuvunia maji ya mvua. Bwawa hilo ni akili: linampa cucu maji ya kumwagilia mboga zake juu, mbali na ukingo, wakati wa kiangazi.

Na si lazima mita 30 zote ziwe msitu usioguswa. Mwaka 1991 David Welsch wa idara ya misitu ya Marekani alipendekeza ukanda wa hatua tatu ambao unafaa mashamba madogo kuliko watu wanavyodhani. Karibu na mazao panakuwa na nyasi za kupunguza kasi ya maji na kuacha tope hapo. Kwetu hiyo ni nepia, inayokatwa kwa ng'ombe. Katikati ni miti ya kuvunwa, nami ningeweka parachichi na miti ya mbao. Mita chache za mwisho, pale matawi yanapoinamia maji, ndizo za miti ya asili isiyokatwa. Ukilazimika kubana, bana huko juu. Jani la mti ulio mita 25 kutoka mtoni halifiki majini kirahisi. La mti ulio mita mbili linafika.

Anayetaka kujua kama kijito chake bado kina walaji hahitaji maabara. Watafiti wenyewe hutumia kifuko chenye majani, na shule yoyote ya bondeni inaweza kufanya hivyo. Chukua mifuko miwili: mmoja wa neti ya vitunguu yenye matundu makubwa, mwingine wa kitambaa chepesi kama cha chandarua. Kausha majani ya mti wa asili wa pale, pima uzito uleule kila mfuko, zamisha yote miwili mahali pamoja kwa wiki nne, kisha osha tope, kausha na upime tena. Kwenye chandarua wanaingia hasa kuvu na bakteria. Kwenye neti ya vitunguu wanaingia pia wadudu na hata kaa wachanga. Tofauti ya uzito kati ya mifuko hiyo miwili ni hasa kazi ya wanyama wa mto wako. Ikiwa hakuna tofauti, basi anza kuzungumza na jirani wa juu na wa chini kabla ya kununua miche. Mifuko uifunge kwenye mzizi, usiifunge kwenye jiwe, maana mvua za Aprili huondoka na mawe.